Muulize Fundi: Tangi la YJ chini ya CJ-7

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Jeep CJ-7 ya mwaka 1983, silinda sita, lita 4.2, bado ni ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa). Tangi lake la mafuta, la plastiki, limepasuka karibu na shingo na huvuja kila nikilijaza. Nimepata tangi la Wrangler YJ ya 1993, lina pampu yake ndani na bamba lake la chuma la kulikinga. Nataka baadaye niweke injini ya lita 4.0 ya injekta (vinyunyizio vya petroli vinavyotawaliwa na kompyuta), ila si mwaka huu. Je, nilifunge tangi hili sasa na pampu yake ilishe kabureta? Na geji ya mafuta ya kwenye dashibodi itasoma?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Tangi lifunge, tena mapema, maana plastiki iliyopasuka shingoni haina dawa ya kuaminika. Pampu ndiyo nitakayokukatalia.

Kabureta yako ya Carter BBD inalishwa na ile pampu iliyo ubavuni mwa injini, ambayo presha yake ni psi 5 hivi (psi ni kipimo cha presha). Pampu ya YJ ya 1993 ilitengenezwa kwa ajili ya injekta. Ukiweka geji ya presha kwenye reli ya injekta za 4.0, yaani bomba linalozigawia mafuta, injini ikinguruma taratibu, utasoma psi 31. Chomoa mpira mdogo wa vakyumu unaokwenda kwenye regyuleta (kidhibiti cha presha), itapanda hadi psi 39. Ndani ya kabureta kuna kisindano kinachoziba njia mafuta yakifika kimo chake. Kisindano hicho hakiwezi kushindana na presha mara sita ya ile kiliyoizoea. Petroli itafurika juu ya injini, na kwenye 4.2 kabureta na manifoldi ya ekzosi (mabomba ya moto yanayotoa moshi wa injini) ziko upande mmoja. Yanayofurika yanadondokea penye moto.

Hili silisemi kwa kusoma tu. Miaka mingi iliyopita nilifunga pampu ya namna hiyo kwenye CJ-7 ya mteja, nikaweka regyuleta ya kupunguza presha, lakini sikuweka mpira wa kurudisha mafuta tangini. Kwenye majaribio ilisoma vizuri. Siku ya tatu mwenyewe akiwa kwenye foleni, injini imepata joto, presha ilipanda kidogo kidogo na kabureta ikafurika. Alinusa petroli, akazima gari na kuwatoa watoto wake nje. Haikuwaka. Nilipofungua boneti nikakuta manifoldi imelowa, na tangu hapo sijawahi kukubali kazi ya kulisha kabureta kwa pampu ya injekta, hata mteja akinisihi vipi.

Kwa hiyo fanya hivi. Toa kile kishikio cha pampu tangini (fremu inayobeba pampu na kipimo cha mafuta), ichomoe pampu, uitunze mahali pakavu. Mahali pake unga kipande cha mpira kutoka kwenye bomba la kishikio hadi kwenye chujio la soksi, chini kabisa. Pampu ya injini itavuta kama ilivyozoea. Usiiache pampu ya umeme humo ikiwa imezimwa ukidhani mafuta yatapita katikati yake. Yatapita kwa shida, na kwenye mlima gari litakosa nguvu. Kipande hicho cha mpira kiwe na maandishi SAE 30R10, yaani mpira unaoruhusiwa kuzama ndani ya petroli. Mpira wa kawaida umetengenezwa kustahimili mafuta kwa ndani tu. Ukiuzamisha, ngozi yake ya nje huvimba na kumeguka, na vipande hivyo utavikuta kwenye chujio.

Mpira wa kurudisha mafuta usiuzibe. Angalia chujio lililo kati ya pampu na kabureta: lina chuchu tatu, moja ya kuingilia na mbili za kutokea. Ile nyembamba hurudisha mafuta ya ziada na mvuke tangini, na lazima ikae juu kabisa, kama mshale unaoelekea namba 12 kwenye uso wa saa. Wengi hulifunga chujio vyovyote, kisha wanalalamika kwamba gari linazima likipata joto. Tangi la YJ lina chuchu yake ya kurudishia, basi iunganishe. Mirija ya hewa nayo ifike kwenye kopo lake la mkaa, lile linalonasa mvuke wa petroli. Tangi lisilopumua hunyweshwa mafuta kwa tabu, na pampu ikivuta hujikuta inapigana na utupu.

Kuhusu kulifunga lenyewe, usiamini kwamba matundu ya bamba yatalingana na chasisi yako. CJ-7 iliishia 1986, YJ ilianza 1987, na chasisi zao hazifanani. Liinue kwa jeki ya gereji na ubao, upime nafasi kati ya tangi, ekseli na shafti, springi zikiwa zimebanwa hadi mwisho. Kama kuna tundu jipya la kutoboa kwenye chasisi, litoboe tangi likiwa halipo hapo kabisa. Betri iondoe mguu wa hasi kabla hujagusa chochote. Na tangi tupu liogope kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke. Usilichomelee, hata kama limekauka mwezi mzima.

Jambo moja zuri kuhusu matangi hayo ya YJ: la galoni 15 na la galoni 20 ni umbo lile lile. Kinachozuia galoni tano za juu ni urefu wa mrija wa hewa unaoingia kwenye shingo. Kagua lako ni lipi.

Sasa geji. Hapa watu huharibu vitu bila sababu. Geji ya CJ inatarajia omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 73 hivi tangi likiwa tupu, na omu 10 likijaa. Kabla ya kufunga, shika mita, inua boya la kishikio kipya (kielea kinachofuata kimo cha mafuta) kwa mkono kutoka chini hadi juu, uandike namba mbili unazopata. Zikikaribiana na hizo, una bahati, funga. Zikiwa mbali au zikienda kinyume, geji itakudanganya. Hamishia kipimo cha zamani kwenye kishikio kipya kama kinaenea, au tafuta geji inayolingana na kipimo ulichonacho. Usijaribu kuirekebisha kwa kuipelekea volti 12 moja kwa moja. Ndani ya geji ya mafuta ya CJ mna kidhibiti cha umeme kinacholisha pia geji ya joto la injini, na ukikiunguza umepoteza zote mbili.

Siku 4.0 itakapofika, hakikisha ni ya miaka ya 1991 hadi 1995, ile yenye regyuleta kwenye reli na mpira wa kurudi. Hiyo inaendana na tangi lako. Ukinunua injini ya Wrangler TJ, iliyoanza na modeli ya 1997, regyuleta yake ilibaki tangini na presha yake ni psi 49. Kwenye tangi la YJ hakuna cha kuidhibiti. Wakati huo pia badilisha mipira yote iwe ya SAE 30R9 na klipu za injekta zenye kingo zilizokunjwa. Pampu iwashwe kupitia rilei (swichi ya umeme) inayotawaliwa na kompyuta ya injini, ili injini ikizima kwa ajali, pampu nayo inyamaze.

SWALI: Fundi, Suzuki Samurai yangu ina pampu ya umeme niliyoifunga nje, juu ya chasisi, karibu na injini. Inalia sana na hii ni ya tatu kufa. Nibadilishe aina?

JIBU: Badilisha mahali kwanza. Pampu ya umeme inasukuma vizuri lakini kuvuta haijui. Ukiiweka juu na mbali na tangi, inafanya kazi nusu kavu, na mafuta ndiyo yanayoipoza na kuilainisha. Hiyo sauti ni ya kukosa mafuta. Ishushe iwe karibu na tangi, chini ya kimo cha sakafu yake, mahali ambapo jiwe halitaifikia. Weka chujio pana kabla yake. Kisha upime volti kwenye waya za pampu yenyewe ikiwa inafanya kazi. Ukikuta 10 au pungufu huku betri ina 12 na zaidi, waya ni mwembamba au ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) imeshika kutu, na hata pampu ya nne itakufa.