Jibu: Kuuza sigara kwenye kioski Nyalenda, maafisa wakija wanaangalia nini?

Ndugu, umeuliza kama pamiti ya kaunti inatosha kuuzia sigara kwenye kioski chako kipya, na maafisa wa afya ya umma wakija wanatafuta nini. Mimi nina duka Manyatta, hapa hapa Kisumu, si mbali na Kondele, huu mwaka wa tisa. Nitakwambia yaliyonipata.

Pamiti ndiyo rahisi. Lipa, ichapishe, ibandike ukutani inapoonekana. Ukiomba, taja kila utakachouza, usifiche kitu. Tangu nifungue sijasumbuliwa kwa pamiti hata siku moja. Kilichoniponza ni laita.

Nilikuwa nimeifunga kwa kamba kwenye wavu wa dirisha, inaning'inia nje, kama maduka mengi ya huku. Mchana mmoja wakaja wawili, mama mmoja na kijana aliyebeba faili. Tukasalimiana vizuri. Yule mama hakuuliza pamiti. Aliishika ile laita, akaivuta kidogo, akaniuliza, "Mama, hii ni ya nani?" Nikasema ya wateja. "Kwani anayenunua pakiti nzima huwa anawashia hapa?" Nikakosa la kujibu. Kopo la majani ya chai lenye pakiti iliyofunguliwa lilikuwa papo hapo chini ya kaunta, na macho yangu yalishaniumbua.

Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuvunja pakiti na kuuza moja moja. Pakiti yenyewe isipungue sigara kumi. Najua utasema kila mtu anauza moja moja. Kweli, na mimi nilisema hivyo hivyo. Mtu wa boda asubuhi hana hela ya pakiti, ana ya moja tu, na akikukosa wewe anavuka barabara kwa jirani. Niliponea kwa onyo, na ile pakiti wakaenda nayo. Tangu hapo nauza pakiti nzima tu. Wateja wa asubuhi nimewapoteza kweli, sitakudanganya, na chai na mandazi waliyokuwa wakinunua pamoja na fegi vikapungua pia.

La pili ni watoto. Aliye chini ya miaka 18 humuuzii, hata akisema ametumwa na babake na babake unamjua. Hapa ndipo utakosana na majirani. Kuna mzee wa plot yetu alininunia karibu mwezi mzima kwa sababu nilimrudisha kijana wake wa darasa la sita mikono mitupu. Weka tangazo la miaka 18 mahali wazi, utakuwa unalionyesha kwa kidole badala ya kubishana.

Mabango ya sigara usiyakubali. Msambazaji akikuletea stendi ya rangi rangi, au akiahidi kukupakia rangi kioski bure, mwambie asante. Matangazo ya tumbaku yamepigwa marufuku, na atakayekutwa nayo ni wewe, yeye atakuwa ameshafika Ahero.

Halafu mzigo. Angalia stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya mapato, kwenye kila pakiti, na kama una simu nzuri ikague kwa programu ya Soma Label. Angalia pia maonyo ya Kiswahili na Kiingereza, na picha, ambazo zilianza kuwekwa 2016. Zile za bei ya kutupa zinazovushwa mpakani hazina stempu, na zikikamatwa huyo si afisa wa afya tena, ni kesi ya ushuru. Risiti za jumla usitupe. Mimi zangu naziweka kwenye bahasha nyuma ya mizani.

Afisa akiingia, omba kitambulisho chake cha kazi kwa heshima. Akichukua mali, dai karatasi inayoonyesha amechukua nini. Mwenye kazi halali hakasiriki. Anayetaka "ya chai" ndiye hukasirika, na huyo utamjua mapema maana huwa hana faili.

Ukikwama kwenye aina ya pamiti uliza tena, ila taja kioski kina ukubwa gani.