Maswali Yenu ya Afya: Kwa Nini Mtoto Arudi kwa Chanjo ya Pili ya Surua?

SWALI: Mwanangu alichanjwa chanjo ya surua-rubela alipotimiza miezi 9. Siku ya nane alipata homa na vipele vichache kifuani, vikaisha baada ya siku mbili. Kadi ya kliniki inaonyesha kwamba anatakiwa kurudi akiwa na miezi 18. Mama mkwe wangu anasema homa ile ilikuwa surua yenyewe, na kwamba mtoto akiachwa augue kwa kawaida atapata kinga ya maisha bila sindano ya pili. Naomba ufafanuzi.
Mama wa mtoto mmoja, Tanga

JIBU: Nakuomba kwanza umfikishie mama mkwe wako shikamoo yangu, kwa kuwa sehemu moja ya maneno yake ni kweli. Aliyeugua surua akapona, kwa kawaida haugui tena. Mwaka 1846 daktari Peter Panum alikwenda visiwa vya Faroe, katika Atlantiki ya kaskazini, ambako surua ilikuwa haijaonekana tangu 1781. Kati ya wakazi wapatao 7,800, zaidi ya 6,000 waliugua, lakini wazee waliougua utotoni, miaka 65 nyuma, walibaki salama ingawa waliishi nyumba moja na wagonjwa.

Kinga hiyo hujengwa kwa hatua. Kirusi kikiingia mwilini, seli zilizovamiwa hutoa kemikali iitwayo interferoni, ambayo huziamsha seli za jirani zijikinge, na homa ni sehemu ya ulinzi huu wa awali usiochagua adui. Wakati huohuo seli za doria hubeba vipande vya kirusi hadi kwenye tezi za limfu, mahali ambapo mamilioni ya seli nyeupe hupita, kila moja ikiwa imeumbwa kutambua umbo lake tofauti. Zile chache ambazo umbo lake linalingana na vipande hivyo huanza kugawanyika kwa kasi, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa, ndiyo maana mgonjwa huumwa kabla ya kupata nafuu. Seli hizo nyeupe ni za makundi mawili: seli B huzalisha kingamwili, yaani protini zinazokishika kirusi kabla hakijaingia ndani ya seli, nazo seli T huziua seli ambazo tayari zimeambukizwa. Vita vikiisha, nyingi hufa, lakini baadhi hubaki kama seli za kumbukumbu, na nyingine hutua kwenye uboho wa mifupa zikiendelea kutoa kingamwili kwa miaka mingi.

Chanjo ya surua hupitisha mwili katika hatua hizohizo kwa kutumia kirusi hai kilichodhoofishwa. Kwa kuwa kirusi hicho huhitaji siku chache kuongezeka kidogo, homa na vipele hutokea kwa baadhi ya watoto kati ya siku ya tano na ya kumi na mbili hivi, wala si surua iliyompata mtoto. Homa ya siku ya nane inaingia humo kabisa. Hata hivyo, mtoto mwenye degedege, anayepumua kwa shida au anayekataa kunyonya, awahishwe kituo cha afya bila kusubiri, amechanjwa au hajachanjwa.

Sasa kuhusu miezi 18. Katika miezi ya mwisho ya ujauzito, mama humpitishia mtoto kingamwili zake kupitia kondo la nyuma. Kingamwili hizo humlinda katika miezi ya mwanzo, lakini zile zilizosalia zinaweza kukizima kirusi cha chanjo kabla seli za mtoto hazijajifunza lolote. Tungesubiri hadi miezi 12, watoto wengi zaidi wangepata kinga kwa dozi moja, ila pale surua inapozunguka, kusubiri hugharimu maisha ya wachanga. Kwa hiyo huanzwa miezi 9, ambapo takriban watoto 85 kati ya 100 hupata kinga. Dozi ya pili haitolewi kwa sababu ya kwanza imechakaa. Inawatafuta wale 15 waliokosa, ambao muuguzi hawezi kuwatambua kwa macho.

Pale ambapo sikubaliani na mama mkwe wako, tena kwa dhati, ni gharama ya kuugua. Kirusi cha surua hupendelea kuingia katika seli zilezile za kumbukumbu na kuziangamiza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulipima damu ya watoto 77 wasiochanjwa nchini Uholanzi, kabla na baada ya kuugua surua, ukakuta kwamba walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya vimelea vingine. Watoto waliochanjwa hawakupoteza hivyo. Mtoto anaweza kupona surua, kisha nimonia au kuhara kukamkuta miezi michache baadaye akiwa hana ulinzi aliokwisha kuupata, na familia isihusishe msiba huo na surua hata kidogo.

SWALI: Ikiwa mwili hukumbuka, mbona homa ya mafua, yaani influenza, hunirudia kila mwaka?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Mwili wako haujasahau, kirusi ndicho kilichobadilika. Protini zilizo juu ya kirusi cha influenza hubadilika kidogo kidogo, hata kingamwili za mwaka uliopita zikashindwa kukishika vizuri. Sehemu za kirusi cha surua zinazoshikwa na kingamwili haziwezi kubadilika sana bila kupoteza uwezo wa kuingia ndani ya seli, ndiyo maana chanjo inayotokana na kirusi kilichopatikana mwaka 1954 bado inafanya kazi leo. Kwa influenza, Shirika la Afya Duniani huwakutanisha wataalamu mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, kupendekeza aina za virusi zitakazowekwa kwenye chanjo ya msimu unaofuata. Ikiwa una pumu, kisukari au umri mkubwa, uliza kituoni kwako kama chanjo hiyo inapatikana, na uirudie kila mwaka.