Nani Aliwapa Rula?

Jana nimewakuta vijana wetu wapya wamechora mstari mnyoofu kutoka Kargi hadi North Horr, katikati ya jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, eti wakapime visima wawahi kurudi. Na mawingu yameilalia milima ya Huri! Nilicheka, kisha cheko likaniishia. Mwasisi wa mstari huo ni mimi. Basi shikeni haya:

1. Kisima cha kwenye ramani huenda pampu yake ilishakufa. Mpigie mtu wa kamati ya maji kabla hujawasha gari.

2. Ukiona mikoma, kama pale Kalacha, maji hayako mbali chini. Utamu wake ni habari nyingine. Tumbukiza mita ya chumvi kwanza.

3. Chalbi. Ile ni sakafu ya ziwa la kale. Maji ya Marsabit na Huri hushukia humo na hayana pa kutokea, kwa hiyo mvua ya mlimani hukunasa ukiwa kwenye jua kali. Dereva wetu, mzee wa huko huko, alisema tuzunguke kwa Maikona. Nikamwonyesha ramani. Digrii yangu ilikuwa na miezi mitatu, mnanielewa. Tena nilikuwa nimeshusha mitungi miwili ya maji ili dipa, kile kifaa cha kupimia kina cha maji kisimani, na makaratasi yangu yapate nafasi.

Ganda la chumvi lilikuwa jeupe, gumu kama sementi, likatubeba vizuri hadi likachoka. Landkruza ikakalia tumbo. Chini yake tope la kijivu, zito kama ugali uliokosa moto. Tulichimba kwa sufuria. Kila tairi likizunguka, tunashuka. Siku ya pili nikaona kidimbwi cha maji maangavu, nikanywa. Mita ilikuwa mgongoni mwangu! Midomo ikabaki na unga mweupe wa magadi, na tumbo… tuishie hapo. Jioni akapita mfugaji Mgabra na ngamia wake, mbali kabisa, wakifuata ukingo wa changarawe. Akatuletea maziwa, akauliza nani alisema hapa kuna njia. Mzee akatazama pembeni. Hadi leo hajanitajia siku ile, na hilo ndilo linaloniuma.

4. Usipige hema ndani ya laga, yaani mkondo wa mto wa msimu, hata kama ni kavu tangu mwaka jana.

5. Mitungi kwanza, dipa baadaye. Rula nimeifungia kwenye droo yangu. Anayeitaka aje na dereva.