Mfuko kwanza, nembo baadaye

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Unauliza kama uagize mifuko 5,000 ya kufungia kahawa yako, iliyochapwa kabisa, kwa kuwa mchoraji amemaliza nembo na ukichukua mingi bei ya mmoja inashuka. Usiagize. Bei itashuka kweli, lakini siku utakapobadilisha neno moja tu, shehena yote itabaki kukujazia stoo. Na mwaka wa kwanza utabadilisha mengi: jina la mchanganyiko, uzito, hata kiwango cha kukaanga.

Nunua mifuko isiyo na maandishi, michache, kisha chapisha lebo za kubandika. Nembo isubiri, kwa sababu mfuko ndio utakaoamua nafasi uliyo nayo.

Kahawa iliyokaangwa hutoa hewa ya ukaa kwa siku kadhaa, na kwa wingi zaidi siku za mwanzo. Ukiifungia mara moja katika mfuko usio na vali (kitundu chenye kizibo cha kutolea hewa), mfuko unavimba na mshono unaweza kuachia. Ukiiacha wazi ipumue, oksijeni inaingia na harufu inapotea. Ndiyo maana tunatumia vali ya upande mmoja: hewa inatoka, ya nje haiingii. Kahawa ya unga huitoa hewa hiyo haraka kuliko punje, lakini pia huchakaa haraka zaidi. Tena vumbi lake hunasa kwenye utando wa vali na kuiacha wazi kidogo, kwa hiyo kwa unga ulizia vali yenye kichujio.

Karatasi ya kaki inapendeza machoni, ila peke yake haizuii hewa wala unyevu. Kinachozuia ni tabaka la ndani, la foili ya alumini au plastiki maalumu ya kuzuia oksijeni. Muuzaji akikuambia tu kwamba mfuko ni "imara", muulize una tabaka gani.

Usichague ukubwa kwa kutazama picha. Kahawa ikikaangwa sana hupungua uzito na punje hutanuka, kwa hiyo gramu 250 za iliyoiva sana huchukua nafasi kubwa kuliko gramu 250 za iliyoiva kidogo. Mfuko unaoitosha iliyoiva kidogo unaweza kukataa kufungika ukijazwa iliyoiva sana. Omba sampuli, zijaze kahawa yako mwenyewe, ukianza na iliyoiva zaidi, na uache nafasi sehemu ya juu kwa ajili ya kuubana mdomo kwa moto, na ya zipu kama ipo. Kisha zamisha mfuko uliofungwa kwenye maji na uuminye taratibu. Mapovu yakitoka kwenye vali, usijali. Yakitoka kwenye mshono, pamevuja. Mara nyingi chanzo ni unga au mafuta ya kahawa yaliyoshika mdomo wa mfuko kabla ya kubana. Ufute kwanza, ndipo ucheze na joto la mashine ya kubana.

Sasa lebo. Ibandike mfuko ukiwa bado bapa, kabla ya kujaza. Isivuke mkunjo wa pembeni, maana hapo ndipo huanza kubanduka, na isiguse sehemu ya chini inayojikunja mfuko ukisimama. Mbele weka jina, aina ya kahawa, kiwango cha kukaanga, punje au unga, na uzito kwa gramu. Mengine yakae nyuma. Tarehe ya kukaangwa usiichape. Iachie nafasi ya kugonga muhuri, na nafasi hiyo isiwe na ung'avu, la sivyo wino utafutika kwa kidole. Mambo mengine ambayo lazima yaandikwe hutegemea sheria ya nchi unakouzia. Yaulizie kabla mchoraji hajapanga maandishi, asije akayabana pembeni kwa herufi za kusomwa kwa darubini.

Msimbopau, yaani mistari inayosomwa na skana dukani, nao una masharti. Ule wa EAN-13, wenye tarakimu 13, una upana wa kawaida wa milimita 37.29 ukihesabu nafasi tupu za pembeni, na unaweza kupunguzwa hadi asilimia 80 ya ukubwa huo. Mistari iwe ya rangi nzito juu ya rangi nyepesi. Usikubali mistari myekundu hata kama inaendana na nembo: skana nyingi hutumia mwanga mwekundu, na mistari hiyo haionekani kwake.

Nembo yenyewe mwambie mchoraji aichore kwanza kwa nyeusi na nyeupe, kisha aipunguze hadi sentimita 2. Ikigeuka doa, airahisishe. Na kama ameweka punje na kikombe kinachofuka moshi, mwombe afikirie tena, kwa sababu rafu nzima ina kikombe hicho. Rangi aikague kwenye karatasi ile ile ya lebo, si kwenye kompyuta, hasa ukichagua kaki, kwani hufifisha rangi nyepesi.

Jina je, umelitafuta katika daftari la alama za biashara? Alama hupangwa kwa madaraja ya bidhaa na huduma: kahawa imo daraja la 30, na huduma ya mgahawa daraja la 43. Tafuta pia majina yanayosikika kama lako, si yanayoandikwa sawa tu.

Sampuli zikifika, niletee mifuko miwili, mmoja mtupu na mmoja uliojaa, yote ikiwa na lebo.

Mzazi wako