Re: Metfomini na vidonge vya antioksidanti

Mkuu, umeuliza kama metfomini, dawa ya kisukari anayomeza mama, inatosha kuzuia ile "kutu ya mwili", au umnunulie na vidonge vya antioksidanti (vizuia kutu). Kutu yenyewe inaletwa na sukari: ikizidi kwenye damu, mitokondria (vinu vya nishati vya seli) huzalisha kupita kiasi radikali huru, yaani molekuli korofi zinazoshambulia nyingine, nazo huharibu kuta za mishipa. Kwa hiyo dawa yoyote inayoshusha sukari inapunguza kutu, hata kama haina ujanja mwingine.

Metfomini ina ujanja wa ziada kidogo, lakini inayonivutia mimi ni gliklazaidi, dawa nyingine ya kushusha sukari. Molekuli yake ina pete yenye naitrojeni ambayo, maabara, hunasa radikali moja kwa moja. Glibenklamaidi, ndugu yake wa ukoo mmoja, haina pete hiyo. Ila usikimbilie kumbadilishia mama dawa! Utafiti wa ADVANCE wa 2008 uliotumia gliklazaidi ulionyesha figo zimenufaika, lakini sukari nayo ilibanwa zaidi, sasa sifa umpe nani?

Vidonge vya dukani achana navyo. Vitamini E ilijaribiwa kwenye utafiti wa HOPE wa 2000, wagonjwa wa kisukari wakiwemo, haikuzuia mshtuko wa moyo. Vitamini C nyingi nayo huweza kudanganya baadhi ya vimashine vya kupimia sukari: unasoma 12, kumbe siyo. Kama mama ametumia metfomini miaka mingi, hela hiyo apimwe vitamini B12, maana hiyo hushuka kweli.