Fangasi kwenye damu: nikapime PCR?

SWALI: Asalaam aleikum, dokta. Nina muwasho mapajani tangu kabla ya Ramadhani. Kuna bwana kaja Wete na mashine: unashika chuma, kompyuta inatoa majibu. Kanambia nina fangasi kwenye damu, kaniuzia dawa ya kusafisha damu, sikuona nafuu. Nasikia PCR inaona vinasaba vya fangasi. Niende Dar nikapime?

JIBU: Waaleikumu salaam, dada yangu. Nauli yako iweke.

Mwenye fangasi kwenye damu kweli huwa yuko hoi kitandani: ana mpira kwenye mshipa mkubwa, au katoka kupasuliwa tumbo, au ni kichanga njiti, na homa haisikii antibayotiki. Huyo ndiye anayeihitaji PCR, maana kuotesha damu, yaani kuiweka maabara mpaka fangasi wakue waonekane, huchukua siku kadhaa na huwakosa karibu nusu ya wagonjwa wenye kandida (aina ya fangasi) ya ndani ya mwili. PCR hujibu kwa saa chache.

Na si kazi ya mchezo. Mililita moja ya damu yaweza kuwa na chembe moja tu ya kandida, na ukuta wake mgumu: hutikiswa kwa nguvu pamoja na vishanga vidogo mno mpaka upasuke, ndipo vinasaba vitoke. Damu ikitiwa kwenye kichupa cha heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, kipimo chaweza kugoma. Mbegu za fangasi zimo hewani, kwa hiyo kila mara tunapima sambamba kichupa kisicho na damu. Nacho kikisema "yupo", majibu yote tunayatupa.

Sasa huyo bwana wa chuma hakukutoa hata tone la damu! Fangasi kamuona wapi? Tazama karatasi aliyokupa: kataja fangasi gani? Maabara hutaja jina, kwa sababu dawa hufuata jina. Candida auris, kwa mfano, mara nyingi haisikii flukonazo, dawa ya fangasi.

Muwasho wako ni wa ngozi. Hospitalini watakukwangua magamba kidogo, watie potasiamu haidroksaidi, watazame kwa darubini. Jibu siku hiyo hiyo. Mwambie daktari akupime na sukari. Krimu za kuchanganya zenye steroidi usipake kabla, huficha ugonjwa.

Kinachoniudhi zaidi ni wanaoambiwa "fangasi kwenye damu" kila wakichoka, wakameza flukonazo kiholela wiki kwa wiki, hata wajawazito. Dawa hiyo yaweza kuumiza ini. Na aliyetoka kupasuliwa, homa ikampanda, msimpitishe kwenye mashine ya mtu: mrudisheni hospitali usiku huo huo.