Jibu: Kupata wahudumu wa wazee na kudumu nao

Dada, umeuliza utawapata wapi wahudumu wa kutunza wazee majumbani hapo Leicester, Uingereza, na kwa nini unaowapata wanaondoka mapema. Kuleta watu kutoka nje kwa viza ya uhudumu sahau, mlango huo ulifungwa tarehe 22 Julai 2025. Tafuta walio karibu.

Kwenye usaili, CV iweke kando kidogo. Muulize: "Mzee amekataa kuoga na mteja mwingine anakusubiri, utafanyaje?" Anayesema atambembeleza, akikataa atamheshimu, ataandika na kukujulisha, huyo mshike.

Wanaoondoka mara nyingi huchoshwa na ratiba isiyoeleweka na muda wa njiani usiolipwa. Muda wa kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine unahesabika kwenye kima cha chini cha mshahara kisheria. Walipe, ni haki yao.

Wapya waanze na Care Certificate (mafunzo ya msingi ya wahudumu wapya), na waambatane na mzoefu kabla ya kwenda peke yao. Skills for Care, shirika linalosaidia kuendeleza wafanyakazi wa utunzaji, wana miongozo ya bure kwa waajiri wa England. Fungua pia akaunti kwenye mfumo wao wa takwimu za wafanyakazi, maana bila hiyo huwezi kudai ruzuku ya serikali ya mafunzo.